Gia Ikikwama, Usikimbilie Nyundo

Juma hili tuzungumze habari ya motokaa, maana hata nyumba isiyo na gari hupanda gari la mwingine, na vijana wetu wengi siku hizi wanajifunza ufundi huu.

Ukifuata barabara ya Bagamoyo kutoka Tegeta kwenda Boko na Bunju, ukakata mkono wa kulia kuelekea Mbweni na bahari, utakutana na gereji zisizo na ukuta: mwembe mmoja, jeki mbili, tairi kuukuu la kukalia. Kazi nzuri hufanyika hapo. Lakini Mbweni ni pwani, na upepo wa chumvi haubagui chuma. Viungo vya gia vilivyo chini ya gari hushika kutu, bushi zake hulika kwa mchanga, na siku moja dereva avuta mkono wa gia, nao wakataa. Fundi aingia chini, afungua fito ili abadilishe bushi, na sasa gari limebaki ndani ya gia, halitoki. Mwenye gari aambiwa giaboksi imekufa. Subiri kwanza, ndugu.

Yafaa kujua kwamba mkono anaoushika dereva haugusi meno ya gia. Katika magari mengi, kati yake na giaboksi zipo fito za chuma, au waya mbili kama zile za breki ya baiskeli ila nene zaidi: mmoja huchagua mstari, mwingine husukuma gia iingie. Ndani ya giaboksi nako zimo rodi, mara nyingi tatu, na kila rodi ina uma wake wa kusukumia gia. Gololi yenye springi huishika kila rodi mahali pake isihame ovyo, na pini ndogo huzuia rodi mbili zisiende pamoja. Ukilielewa hilo, umekwisha kuelewa nusu ya ugonjwa.

Gari lililoegeshwa mteremkoni likiwa ndani ya gia, uzito wake wote huegemea meno. Meno hubanana, na mkono hauondoki. Huo si ubovu. Dereva akae kitini, akanyage klachi mpaka mwisho, mguu mwingine uwe tayari juu ya breki, na watu wawili walisukume gari kidogo mbele na nyuma huku yeye akiuvuta mkono. Mara nyingi gia hutoka yenyewe. Tena, kama gia zaingia na kutoka vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zakataa injini ikiwaka, basi mwenye kosa ni klachi isiyoachia. Usiifungue giaboksi kwa dhambi ya mwenzake.

Kama bado imekwama, tenga fito au waya pale zinaposhikana na giaboksi, kisha ujaribu kusukuma kwa mkono kile kimkono kidogo kilicho kwenye giaboksi yenyewe. Kikienda, ugonjwa uko nje: bushi, kutu, fito iliyopinda. Dawa yake ni ya bei ndogo. Kisipokwenda, ndipo unapoanza kuishuku giaboksi.

Kipo na kipimo kingine, nacho nakipenda kwa kuwa hakihitaji hata spana. Kanyaga klachi, legeza breki ya mkono, watu walisukume gari kwenye uwanja ulio sawa. Likitembea, kuna gia moja tu iliyoingia. Likigoma kabisa, na breki hazikushika, huenda gia mbili zimeingia kwa pamoja, nazo zapingana kama ng'ombe wawili waliofungwa kwa kamba moja. Jambo hilo hutokea hasa katika magari ya zamani yenye gia ya usukani. Vimikono viwili hukaa karibu karibu mwisho wa fito, na bushi zikilika kimoja hubaki mbele wakati kingine kinavutwa. Mtu huingia chini, akavirudisha vyote viwili kwenye nyutro kwa mkono, na gari likawa huru. Kwa magari ambayo mkono wa gia huingia moja kwa moja juu ya giaboksi, ondoa mkono, umulike kwa tochi. Utaona mapengo ya rodi. Yote yakisimama mstari mmoja, ni nyutro. Likiwapo lililotoka nje ya mstari, lirudishe taratibu kwa bisibisi.

Sasa nisikilize vizuri. Gari lililokwama katika gia mara nyingi limesimama kwa sababu ya ile gia tu. Breki ya mkono imelegea miaka mingi, na kila mtu anajua, hakuna anayeitengeneza. Kijana amelala chini, avuta kimkono, gia yaachia, na kile kilicholishika gari hakipo tena. Kabla mtu yeyote hajaingia chini, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, si jiwe moja, tena si tofali la mchanga linalovunjika. Jeki peke yake haimlindi mtu. Weka stendi au magogo imara.

Land Rover za zamani zina hatari yake ya pekee. Breki yao ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile la hewani laweza kuzunguka na gari likaondoka ingawa breki imevutwa. Ukiifungua shafti ya nyuma, breki hiyo hailishiki tena gurudumu la nyuma hata moja. Wazee wenye Land Rover hizi vijijini na wawaambie watoto wao.

Na anayekaa kitini asiguse ufunguo mtu akiwa chini. Gari lililo ndani ya gia huruka mara stata inapozunguka. Heri ufunguo ukae mfukoni mwa yule aliyelala chini.

Wakati wa kurudishia, mafundi wanaojifunza huharibu mahali pamoja sana: bolti. Katika giaboksi nyingine, bolti fulani ndizo zifunikazo springi na gololi. Ukitia bolti ndefu mahali pa fupi, ncha yake huikandamiza rodi, na gia iliyokuwa nzima jana leo haisogei. Kwa hiyo panga bolti chini juu ya kipande cha boksi, kila moja katika tundu lake, kama zilivyotoka. Kabla ya kufungua fito, piga alama ya rangi pale zinaposhikana. Kisha zirudishie giaboksi ikiwa katika nyutro na mkono wa dereva ukiwa katika nyutro, urefu ukirekebishwa mpaka pini iingie bila kulazimishwa. Pini ikihitaji nyundo, urefu si sahihi.

Mwisho kabisa, injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote, pamoja na rivasi, mara tatu tatu. Ndipo mawe yaondolewe.