Ndoa, umri na ajira: Hesabu inayowabana wanawake

Tanzania haina uhaba wa wanawake wachapakazi. Shambani wapo, sokoni wapo, na mama lishe wako jikoni tangu alfajiri. Shida iko kwenye kazi yenye mkataba, mshahara na pensheni. Hiyo ina masharti ya umri, na miaka inayotakiwa ndiyo hiyohiyo ya kuolewa na kulea watoto.

Chukua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Mwombaji anatakiwa asizidi miaka 45, isipokuwa kama tayari ni mtumishi wa Serikali. Kwa watumishi wengi, kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Pensheni ya kila mwezi nayo inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15.

Toa 45 kwenye 60, inabaki 15 kamili. Anayeingia kazini akiwa na miaka 45 hana hata mwezi mmoja wa kupoteza.

Nani anachelewa?

Sharti ni moja kwa wote, ila mzigo si mmoja.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana anasubiri 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Kwa wanafunzi waliojifungua, ruhusa ya kurudi kwenye shule rasmi ilitangazwa Novemba 2021. Aliyekatishwa masomo mwaka 2010 akiwa na miaka 17 sasa kavuka 30, na cheti hana.

Polisi nao, kwenye matangazo yao ya ajira, wamekuwa wakitaka kijana ambaye hajaoa wala hajaolewa na hana mtoto. Kwenye karatasi ni usawa. Lakini wasichana wengi huolewa mapema kuliko wavulana, na mimba haifichiki. Baba kijana anaweza kunyamaza tu, mambo yakaenda.

Sheria ipo, ushahidi ndo kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa au umri. Inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku.

Sasa, mwombaji akiulizwa kwenye usaili, "Umeolewa? Una mtoto mdogo?" kisha asipigiwe simu tena, atathibitishaje kwamba jibu lake ndilo lililomkosesha kazi? Na mama lishe asiye na mwajiri, hizo siku 84 atamdai nani?

Ndoa ikivunjika

Mjane na aliyeachika mara nyingi hawana la kuchagua, lazima watafute hela. Wengi huangukia biashara ndogo au vibarua, kwa sababu umri umekwenda na uzoefu wa kazi rasmi hawana.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo miaka ya kupika na kulea inahesabika mnapogawana nyumba. Kwenye wasifu wa kazi inasomeka kama miaka mitupu, na kwenye mfuko wa pensheni ni sifuri.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 kati yake ni ya wanawake, inasaidia mtaji. Haimpi mtu pensheni.

Kinachoweza kubadilika

Sehemu za kulelea watoto karibu na masoko na ofisi zingemrudisha mama kazini mapema. Ukomo wa miaka 45 nao unastahili kujadiliwa upya kwa aliyesimama ili alee.

Wakati hayo yakisubiriwa, NSSF inapokea pia michango ya waliojiajiri. Anayeanza kuchangia akiwa na miaka 30 ana miaka 30 mbele yake kufika 60. Akisubiri hadi watoto wakue, anabakiwa na 15 tu, tena bila kukosa hata mwezi.