Kwa Nini Bukari Ibaki Mlangoni?



Katika mikataba mingi ya kumbi za arusi za mji wetu wa Lubumbashi kuna sentensi moja fupi ambayo wachumba huitilia sahihi bila kuisoma mara mbili: ni marufuku kuingiza chakula na kinywaji kutoka nje. Maneno hayo huandikwa chini kabisa, baada ya saa ya kufunga, baada ya malipo ya jenereta na ya viti vitakavyovunjika, kana kwamba ni jambo la usafi tu. Sisi tunaofundisha wachumba na kutangaza majina yao kanisani siku za Dominika tumeyaona matunda ya sentensi hiyo miaka mingi. Tunasema wazi kwamba inawatoa watu wetu katika arusi za watoto wao wenyewe, na kwamba imefika wakati wa kuikataa, kwanza pale tulipo na uwezo wa kuifuta.

Tuangalie kwanza ni kitu gani kinachokatazwa. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, lakini ulilelewa kwa unga. Wafanyakazi wa Union Minière walipokea posho ya unga kwa ajili ya jamaa zao, na wale wa Gécamines waliokuja nyuma yao waliujua vizuri mfuko wa mwisho wa mwezi. Ndivyo Muluba, Mubemba, Musanga, Mulunda na mtu wa Kasai, ambao kila mmoja alitoka kwao na desturi yake, walivyojifunza kunyoosha mikono katika bukari moja. Kando ya bukari hiyo kuna sombe iliyotwangwa, lengalenga, matembele, samaki wa Luapula waliokaushwa kwa moshi, viwavi, uyoga uliohifadhiwa tangu masika. Kuna kikanda, kinachotengenezwa kwa mizizi ya maua ya porini na karanga. Kuna munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliotiwa mizizi ambayo kwa nguvu yake yenyewe hugeuza wanga kuwa sukari. Bibi zetu waliijua kazi hiyo kabla ya maabara kuieleza. Profesa mmoja Mbelgiji, François Malaisse, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huu, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya misitu yetu. Mgeni aliona humo elimu ya kujaza kitabu. Mwenye ukumbi anaona harufu itakayoshika mapazia.

Tutaambiwa kwamba bukari haikukatazwa, kwa sababu imo katika orodha ya vyakula vya ukumbi. Imo, ndiyo. Tumeila. Husongwa mchana, hufungwa vipande vipande katika plastiki, hupangwa katika sanduku, hungoja wachumba ambao wako bado kwa mpiga picha, kisha hungoja hotuba. Inapofika mezani imetoa jasho, imekaza ngozi, na ndani imepoa. Bukari haingoji hotuba. Ni chakula cha kutoka motoni kwenda mkononi, na kinahitaji mama aliyesimama karibu na mbabula akijua kwamba watu wameketi. Na ile sombe ya ukumbi, iliyopikwa na kijana ambaye hakupewa muda wa kuitwanga wala kuichemsha inavyostahili, afadhali tunyamaze.

Lakini shauri letu halihusu utamu wa chakula. Tungekuwa na aibu kuwachosha wasomaji kwa ajili ya ulimi.

Shauri letu ni mikono. Katika mashirika yetu ya mtaani, huko Katuba, Kenya, Ruashi, kuna mama ambaye hana noti ya kutia katika bahasha ya arusi. Ana mchi na kinu. Ana nusu ya mfuko wa unga, ana mbabula mbili, ana usiku mzima wa kukesha akichambua majani. Palipokuwa na arusi katika lupango, mama huyo alikuwa mtu mkubwa: alifika siku mbili kabla, akaamuru wasichana, akaonja chumvi, na siku ya arusi bibi arusi alipita nyuma ya nyumba kumshukuru kwa jina. Mchango wake ulionekana na kuliwa. Leo sentensi ile fupi imemwambia kwamba mchango wake ni uchafu. Atapewa kadi ya mwaliko kama ipo, ataketi meza ya nyuma karibu na kipaza sauti, ataletewa sahani na kijana wa protokoli asiyemjua. Na kama kadi hazikutosha, atabaki nyumbani, kwa kuwa wageni sasa wanahesabiwa kwa sahani, na kila sahani ina bei.

Mwangalie, tafadhali, jinsi mambo yalivyogeuka: tunapokuwa na kilio, mama huyohuyo anaitwa usiku, na hakuna anayemwuliza kama masufuria yake yana kibali. Amekubaliwa kulisha wenye matanga. Kwa nini anakataliwa kulisha wenye furaha?

Sasa tuhesabu, kwa kuwa sisi ni walimu na hesabu ni kazi yetu. Tuchukue mfano wa wageni 200, na sahani moja kwa dola 10. Hizo ni dola 2.000 za chakula peke yake, mbali na kodi ya ukumbi, mbali na vinywaji ambavyo navyo lazima vinunuliwe humo. Mwalimu wa shule ya msingi anayesoma ukurasa huu ajihesabie mwenyewe ni mishahara ya miezi mingapi. Katika lupango, chakula cha wageni hao 200 kingetoka katika nyumba 30: huku unga, huku mafuta, huku jogoo, huku makala. Si kwamba kingekuwa bure; kingegawanywa kwa watu wengi mpaka mzigo usimwangushe mtu. Mkataba unakusanya mzigo huo wote, unaugeuza kuwa fedha taslimu, na kuuweka juu ya vijana wawili kabla hawajaanza nyumba yao.

Na hapo ndipo jambo linapogusa roho za watu. Vijana wengi wanatuambia: tumekwisha kutoa mahari, tumekwisha kupita serikalini, tunangoja tupate fedha za ukumbi ndipo tuje kanisani. Wanangoja mwaka, miaka mitatu, miaka saba. Watoto wanazaliwa, wanabatizwa, wanafika darasa la Komunyo ya kwanza, na siku hiyo mtoto anakwenda kupokea huku baba na mama wamebaki katika benchi. Papa Fransisko aliliona jambo hili katika wosia wake *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, katika namba 212: alieleza kwamba wako wanaoishi pamoja ambao hawafikii ndoa kwa sababu ya gharama za sherehe. Sheria ya Eklezia, katika kanuni 1108, inataka mhudumu mwenye haki ya kuwapokea wachumba na mashahidi wawili. Haitaji mapazia, wala keki ya ghorofa tano.

Wenye kumbi wana maneno yao, na baadhi ya maneno hayo ni ya haki. Wanasema mgeni akiumwa tumbo, jina litakaloharibika ni la ukumbi hata kama chakula kilitoka nje. Ni kweli. Wanasema mafuta yanamwagika sakafuni, makala yanachoma uwanja, masufuria yanaachwa hadi kesho yake. Hilo pia tumeliona. Wanasema tena kwamba kodi ya ukumbi peke yake hailipi mlinzi wala mafuta ya jenereta umeme unapokatika, na kwamba faida yao imo katika sahani na chupa. Hapa angalau wanasema ukweli wote, na tunawashukuru.

Basi wakae nasi tuzungumze kama watu wa biashara. Wanaohofia ugonjwa waandike kwamba jamaa ya arusi inabeba lawama ya chakula ilichokileta, na wachumba watie sahihi. Wanaohofia uchafu wadai amana, waikate kama uwanja haukufagiliwa. Wanaohofia hasara watoze kiasi kinachojulikana kwa kila karamu inayopikiwa nje, kama wengine wanavyotoza chupa zinazoletwa na wageni, na kiasi hicho kiandikwe mapema, si kugunduliwa mlangoni saa kumi na mbili jioni wakati mabakuli yamekwisha shuka garini. Au tugawane: ukumbi uuze kuku, wali na vinywaji vyake, jamaa ilete bukari, mboga, samaki na munkoyo. Mfanyabiashara anayekataa njia hizi zote hatetei usafi.

Hata hivyo, hatutapoteza nguvu zetu zote kwa watu ambao ukumbi ni mali yao. Mtu ana haki ya kuuza anachotaka, nasi tuna haki ya kupita na kwenda kwingine. Tunaowaelekea hasa ni halmashauri za paroki zenye kumbi. Kumbi hizo zilijengwa kwa matofali ambayo wakristu waliyabeba kichwani baada ya Misa. Leo baadhi yao zimechukua sentensi ileile, neno kwa neno, kutoka mkataba wa hoteli. Mama aliyebeba matofali anazuiwa mlangoni na masufuria yake.

Jambo hili linatushangaza zaidi tukikumbuka tulikotoka. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaïre, baada ya kazi ndefu ya maaskofu wetu, na Kardinali Malula akiwa mmoja wa waliosukuma gurudumu hilo. Tangu hapo tunawaita wahenga pamoja na watakatifu mwanzoni mwa Misa, tunapiga ngoma, tunacheza tukizunguka altare. Ngoma imekubaliwa mbele ya altare ya Bwana. Je, sombe haistahili kuvuka mlango wa ukumbi ulio hatua ishirini kutoka hapo?

Katika mkutano mmoja mjumbe mwenye elimu alitujibu kwa Maandiko. Alisema Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11, aliwakemea waliokuja na chakula chao kwenye mkusanyiko. Tunamheshimu ndugu huyo, lakini asome sura hiyo hadi mwisho. Kosa la Wakorinto lilikuwa kula kila mtu cha kwake bila kungojana, hata mmoja akalewa na mwenzake akabaki na njaa, na maskini wakaaibishwa. Paulo aliwataka wangojane. Karamu ambayo kila nyumba imeleta bakuli lake na mabakuli yote yakawekwa meza moja ndiyo iliyo karibu na agizo hilo. Karamu ambayo mwenye kadi anakula na asiye na kadi anatazama kupitia ua, hiyo tungependa ndugu yetu atueleze inafanana na nani.

Wengine hutuletea Kana ya Galilea, kwamba Yezu mwenyewe alikwenda kwenye arusi ya fahari. Sawa, twende Kana. Divai iliwaishia wenye arusi. Aliyeliona upesi alikuwa mama, wala hakuwa mama wa bwana arusi. Mitungi sita ya mawe iliyokuwapo ilijazwa na watumishi hadi juu, kwa mikono yao, na muujiza ulifanyika katika maji waliyoyachota wao. Yoane anaongeza neno ambalo tunalipenda sana: msimamizi wa karamu alionja bila kujua divai ilitoka wapi, ila watumishi waliochota maji walijua. Msimamizi wa Kana hakuuliza kama divai hiyo ilikuwa katika mkataba.

Kiangazi kinakaribia, na pamoja nacho msimu wa arusi. Tunaomba kila halmashauri ya paroki yenye ukumbi iweke jambo hili katika mkutano wake kabla ya mwezi wa sita: ifute katazo, iandike amana na saa ya kufagia, iweke nyuma ya ukumbi paa la mabati na bomba moja la maji pa kupikia. Kwa wachumba tunasema: msitoe avansi kabla ya kuuliza mambo matatu, tena jibu liandikwe. Je, chakula cha nyumbani kinaruhusiwa? Kwa malipo gani? Mahali pa kuwashia mbabula ni wapi? Mkijibiwa vibaya, rudini mtuone. Katika mashirika kuna wazee wenye lupango pana na miembe yenye kivuli, mahema na viti vinapatikana kwa kukodi, na mama zetu wanangoja tu kuambiwa siku.