Nondo Aliyejulikana Kabla ya Kuonekana

Dalili ya mvua ni mawingu. Mpelelezi hodari huupima unyayo uliobaki mchangani, akamtambua mtu ambaye hajamtia machoni. Ndivyo alivyojulikana nondo mmoja adimu wa kisiwa cha Madagaska, ambacho wahenga wa pwani walikiita Bukini.

Mwezi wa Januari 1862, Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipelekewa maua ya okidi yenye asili ya kisiwa hicho. Ua lenyewe ni jeupe, umbo lake mithili ya nyota, na nyuma yake huning'inia mrija mwembamba wenye urefu wa karibu sentimita 29, takriban sawa na rula ya mwanafunzi. Asali yake imo chini kabisa ya mrija huo. Je, ni nani awezaye kuifikia? Darwin aliandika mwaka uleule kwamba hapana budi yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo.

Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimdhihaki. Mwenzake, Alfred Wallace, alimwunga mkono mwaka 1867. Darwin alifariki mwaka 1882 bila ya kumwona nondo huyo. Miaka 21 baadaye, mwaka 1903, Walter Rothschild na Karl Jordan walimtangaza, wakampa jina la Kilatini lenye maana ya "aliyetabiriwa". Mwaka 2021 alitambuliwa kuwa aina ya peke yake, mbali na ndugu yake wa Afrika bara; ulimi mmoja uliopimwa ulifikia sentimita 28.5. Apumzikapo huuviringisha chini ya kichwa.

Nondo huyu hanywi bure. Azamishapo ulimi, chavua ya ua humgandama, naye huipeleka kwenye ua jingine, mbegu zikapatikana. Nao viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mstafeli. Basi mwenye kuifyeka miti hiyo humnyima kiwavi chakula, na ua, ingawa halikuguswa na shoka, hukosa mbegu.

Wazazi na wawafunze watoto jambo hili: kabla ya kumponda mdudu aliyetua ukutani karibu na taa, kwanza wamtazame. Huenda liko ua msituni linalomngojea.