Ushauri wa Bwana Shamba: Kiduha cha ini

Wakulima wa Kagongwa tunakijua kiduha. Maua yake ni mazuri. Lakini chini ya udongo hunyonya mizizi ya mtama na mahindi. Pasipo mmea wa kunyonya, kiduha hakioti.

Homa ya ini nayo ina kiduha chake. Virusi vya ugonjwa huu ni vya aina tano: A, B, C, D na E. Aina ya B huweza kukaa mwilini miaka mingi. Mtu hulima, hula, haoni dalili. Aina ya D haiwezi kuishi bila B. Zikiwa pamoja, ini huharibika upesi zaidi. Huweza kusinyaa au kupata saratani. Aina ya C nayo ikiungana na B, ini huumia zaidi.

Tufanye nini? Chanjo ya B huzuia na D. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa zamani hatukuipata utotoni. Basi twende tukapime damu. Asiye na virusi aombe chanjo. Mwenye navyo asikate tamaa, amwone daktari mara kwa mara.

Aina B, C na D hupita katika damu. Usichangie wembe wala sindano. B na D hupita pia katika kujamiiana. Tumia kondomu. Aina A na E huletwa na maji na chakula kichafu. Chemsha maji, tumia choo, nawa mikono.

Kiduha hung'olewa kabla hakijatoa maua. Pima mapema!