TOKA MEZANI PA KARANI: Niliandika "Homa"

Juma lililopita mzee mmoja wa jumuiya yetu aliingia ofisini pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne, wakitaka nakala ya cheti cha ubatizo. Binti anataka kuomba chuo, akasomee kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta na kuyaandikia magonjwa namba zake. Nikampa mzee kiti, nikafungua daftari. Nikiwa ninaandika, mzee akasema, "Mwalimu, hebu mwambie wewe. Mimi siwezi kuuza ng'ombe wawili ili mtoto akawe karani."

Nadhani alisahau anasema na nani. Binti aliinama akatazama viatu vyake. Mimi sikukasirika, maana hata baba yangu alinipeleka chuo cha ualimu ili nifundishe, na leo hii napiga mihuri. Lakini neno lile lilinikaa, na kwa kuwa najua wengi wenu mna watoto wenye shauri kama hilo, nataka niwaeleze kazi yenyewe ni ipi.

Wengine huiita "kodingi", na mama mmoja jirani yangu aliposikia alidhani ni watu wa kodi wanakuja. Sivyo. Na tena mtashangaa kusikia kwamba mizizi yake imo katika ofisi kama hii yangu. Zamani katika mji wa London makarani wa parokia walikuwa wakitoa kila juma hesabu ya waliozikwa na sababu za vifo vyao. Akina mama wazee walitumwa nyumbani kwa marehemu kuitazama maiti, wakamwambia karani waliyoyaona, naye akaandika. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja, John Graunt, aliyachambua makaratasi hayo ya miaka mingi akatoa kitabu. Humo utakuta waliokufa kwa "meno", yaani watoto wachanga walioanza kuota meno, na waliokufa kwa "ghafula". Graunt alilalamika kwamba wale akina mama walipopewa pombe na vijisenti waliificha kaswende wakataja ugonjwa mwingine, ili jamaa wasiaibike. Makarani wenzangu hawakuwa na la kufanya ila kuandika walivyoambiwa.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 kupata mpango mzuri zaidi. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alileta orodha moja ya sababu za vifo ambayo mataifa mengi yangeweza kuitumia, na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua kazi hiyo, likaongeza na magonjwa yasiyoua. Ndiyo Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, ambalo wenyewe huliita ICD. Toleo la 11 lilianza kazi Januari 2022, ingawa hospitali nyingi bado zinatumia la 10.

Katika hilo la 10, kipindupindu ni A00. Shinikizo la damu ni I10. Malaria ile kali ya falsiparamu ni B50, nayo ikiwa imepanda kichwani huandikwa B50.0. Daktari akiandika "malaria" tu bila kusema ya aina gani, ni B54. Hata kuumwa na mamba kuna namba yake, W58. Binti aliponiambia hilo nilicheka, lakini ndugu zetu wa kando ya Rufiji hawatacheka. Faida yake ni kwamba mtu wa Mwanza, wa Nairobi na wa Brazil wakiandika B50.0 wamesema neno lile lile, na wanaweza kujumlisha hesabu zao pamoja.

Msidhani basi ni kunakili namba kutoka kitabuni. Mwanafunzi husoma kwanza viungo vya mwili na magonjwa yake, na maneno ya madaktari, maana daktari huandika mbio mbio na kwa mwandiko wake mbaya. Chukua cheti cha kifo. Mstari wa juu huandikwa kilichomwua mtu mwisho, na chini yake kilicholeta hicho, mpaka kufika chanzo chenyewe. Mtu akiandika "moyo kusimama" hajatuambia kitu, kwa sababu moyo wa kila maiti umesimama. Mwenye kazi hii lazima ajue kukitafuta chanzo, na akiona cheti hakina maana, awe na moyo wa kurudi kwa daktari kuuliza. Hapo ndipo wengi hushindwa, nadhani, maana si rahisi kijana wa miaka 22 kumwambia mganga mkuu kwamba ameandika vibaya.

Nilimweleza mzee hayo yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na homa, namba yake ngapi?"

Binti ndiye aliyejibu. "R50, baba. Ni homa ambayo chanzo chake hakijulikani."

Mzee akaniomba nifungue daftari la wafu la mwaka 2016. Nikalifungua kwenye miezi ya masika. Kuna watoto 3 waliozikwa katika majuma 5, na katika safu ya sababu mwandiko ni wangu: homa, homa, homa. Wa pili ni mwanawe, mwenye miaka 4. Nilikuwa mgeni katika kazi hii wakati ule. Mama wa mtoto alisema alikuwa na homa, nami nikaandika homa, nikafunga daftari. Sasa mzee akanisimulia kwamba usiku ule mtoto alipata degedege, na shingo yake ilikaza kama ubao. Hayo sikuyauliza. Yaweza kuwa malaria ya kichwani, yaweza kuwa uti wa mgongo, ambao baadhi ya aina zake huambukiza jirani. Wale wengine wawili walikaa bonde lile lile. Bwana afya angekuja mwezi ule kuuliza, ningemwonyesha nini?

Kuhusu chuo chenyewe, wazazi, ulizeni kwanza kama kimesajiliwa na NACTVET, maana wapo wanaokula ada na cheti chao hakifui dafu. Kule Kenya chuo cha KMTC hufundisha stashahada ya kumbukumbu za afya. Marekani kozi ya kawaida ni miaka 2 kisha mtihani, na kule hospitali hulipwa kwa kufuata namba hizo, hata kosa moja laweza kurudisha madai. Kwetu nako, tangu sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, kazi ya madai haitapungua. Sisemi kila anayehitimu hupata ajira mara moja. Vijana wanahangaika, na ningedanganya nikisema vingine. Binti atafunzwa pia kutunza siri, na iko sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Mwenye ulimi mrefu asiende.

Mzee alikaa kitambo na kidole chake juu ya jina la mtoto. Nilimwomba radhi. Akasema, "Wewe uliandika ulichoambiwa." Nikamjibu kwamba sikuuliza, na hilo ni langu.

Binti alinyosha mkono akaligeuza daftari pole pole upande wake, akasoma majina yote matatu, na tarehe zake, na jina la kijiji.

Habari za ng'ombe mzee hakuzirudia. Alivaa kofia yake, akasimama, akasema, "Hicho cheti, Mwalimu, umekwisha kukipiga mhuri?"

Nilikuwa bado.