Bei ya Haki ya Pikapu Kuukuu

Wako watu katika nchi yetu waaminio ya kuwa bei ya gari kuukuu lililofufuliwa hupatikana kwa kujumlisha. Huchukua fedha walizolinunulia, wakaongeza ujira wa fundi, wakaongeza rangi, mipira, viti na vioo, kisha wakatia na faida kidogo, na jumla hiyo wakaiita haki. Mnunuzi akithubutu kutoa pungufu yake, huambiwa hajui kazi, na hutiwa haya kwa methali ya wahenga: usione vyaelea, vyaundwa. Nia yangu katika insha hii ni kuupinga ujumlishaji huo. Sisemi ya kuwa wauzaji wote ni walaghai. Wengi wao ni waungwana waliozidiwa na mapenzi ya gari. Lakini hesabu yao ni mbovu, na uungwana wa mwenye hesabu hauitengenezi.

Yafaa tuyataje kwanza magari yenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwaka 1948, na haikupita miaka mingi ikawa farasi wa mkulima, wa polisi na wa bwana shamba katika Kenya. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, ikashinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, katika barabara zetu wenyewe za vumbi na matope, mbele ya macho ya watu wetu. Ndugu yake, ile pikapu iliyofunikwa nyuma na kutiwa mabenchi, ilikuwa miongoni mwa magari yaliyobeba abiria kwa senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi, na humo ndimo jina la matatu lilimozaliwa; mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akayaruhusu magari hayo kuchukua watu bila leseni ya uchukuzi. Tusiisahau Datsun 1200, iliyopeleka maziwa na kabichi sokoni kabla ya jua kuchomoza.

Sasa magari hayo yamekuwa machache. Wala hayawezi kuongezeka kwa wepesi, kwa kuwa kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka 8. Yaliyobaki ndiyo hayo, na wanaoyatamani ni watu waliopanda nyuma yake wakiwa watoto, ambao leo wana mvi na kiinua mgongo mkononi. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini huweza kutoa nusu ya akiba yake kwa ajili ya kitu alichokipenda akiwa na miaka kumi, na hutoa akiwa na furaha. Miezi minne baadaye chesisi hukatika katika kilima. Hapo ndipo tujiulizapo alikuwa amenunua nini.

Wathamini wa mali wana maelezo yao ya bei ya haki, na sheria za kodi za Marekani zimeyatumia kwa muda mrefu. Husema ya kuwa bei ya haki ni ile ambayo mali ingebadili mikono baina ya muuzaji aliye radhi na mnunuzi aliye radhi, wala mmoja wao asiwe ameshurutishwa, na wote wawili wakiwa na maarifa ya kutosha juu ya kitu chenyewe. Yasome maelezo hayo mara mbili. Utakuta mna ridhaa, mna uhuru, mna maarifa. Risiti hutazikuta.

Nami naona ni sawa zisiwemo. Mwalimu hampi mwanafunzi alama kwa idadi ya mishumaa aliyoichoma akikesha. Humpa alama kwa jibu aliloliandika. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wawili walinunua pikapu mbili za namna moja, na leo zote mbili zimekuwa sawasawa, wala jicho la fundi haliwezi kuzitofautisha. Wa kwanza alitumia shilingi 500,000, kwa sababu alimjua fundi mwema na akavitafuta vipuri kwa subira. Wa pili alitumia shilingi 900,000, kwa sababu fundi wake wa kwanza aliharibu injini, wa pili akapotea na kabureta, na rangi ilipakwa mara mbili kwa kuwa ile ya kwanza ilibambuka. Kwa hesabu ya kujumlisha, gari la mtu wa pili lina thamani zaidi. Yaani tumlipe kwa mikosi yake! Mnunuzi atapanda gari moja tu, hatapanda mikosi.

Basi, kama risiti si shahidi, shahidi ni nani? Shahidi ni gari lenyewe, na hapana budi lihojiwe mahali panapouma. Bodi ya Land Rover imefanywa kwa aloi ya alumini. Haishiki ile kutu nyekundu, wala sumaku hainati juu yake. Mtu aliyesikia mahali ya kuwa sumaku hufichua fila, naye akaijaribu katika ubavu wa Land Rover, hatafichua kitu ila ugeni wake. Ugonjwa wa gari hilo uko chini. Chesisi yake ni ya chuma: mabamba yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia humo yakakaa, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku inapoonekana kwa nje, kwa ndani imekwisha kushiba. Kwa hiyo mjuzi huvaa nguo za kazi, hulala chini ya gari, akagonga chesisi kwa nyundo ndogo tangu mbele hata ile boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholika hutoa mlio wa debe bovu, na pengine nyundo hupenya. Hukagua pia ule ukuta wa chuma baina ya injini na dereva, hasa pembe zake za chini, na kila mahali alumini inapokutana na chuma, maana madini hayo mawili yakipata unyevu hulana.

Peugeot na Datsun ni za namna nyingine. Bodi zake ni za bati la chuma, na huko sumaku ina kazi. Ifunge katika kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe polepole katika vizingiti vya milango, juu ya matairi na katika sakafu ya kubebea mizigo. Inaponata kwa nguvu, bati lipo. Inapolegea, hapo pana fila nene, na chini ya fila hapana mtu ajuaye kuna nini. Nimeona pikapu zinazong'aa kama sahani ya arusi ambazo sumaku ilidondoka kutoka vizingitini kama jani kavu. Rangi nzuri ni kitu cha mwisho kutazamwa, na ole wake aanzaye nayo.

Gari likiisha kusema, hesabu ndiyo huja. Tuseme, kwa mfano tu, pikapu timamu ya namna hiyo huuzwa na watu wenye maarifa kwa shilingi 800,000. Hii iliyo mbele yetu chesisi yake yataka kazi ya shilingi 150,000, na breki zataka shilingi 40,000. Zimebaki 610,000, nazo zapasa kupunguzwa tena kidogo, kwa kuwa anayenunua kazi isiyokwisha hununua na hatari yake. Muuzaji atatoa bahasha ya risiti za shilingi 950,000 na kulia. Tumpe pole, tusimpe tofauti.

Jambo la injini lina ugumu wake, nami sitalirahisisha. Katika Kenya si ajabu kukuta Land Rover yenye injini ya dizeli ya Toyota au ya Isuzu. Mkulima aliyeitia alikuwa na akili: vipuri hupatikana, na mafuta hayaliwi ovyo. Kwa mkulima mwenzake injini hiyo ni nyongeza ya thamani. Kwa mtu atakaye gari kama lilivyotoka kiwandani ni upungufu mkubwa. Mtu asije akatwambia ya kuwa gari hilo lina bei moja ya haki. Lina masoko mawili, na muuzaji mwaminifu hutangaza analipeleka lipi. Asiloweza ni kudai bei ya uasili kwa gari lenye moyo wa kuazima. Kadhalika kitabu cha gari na kiionyeshe injini hiyo mpya, na nambari iliyopigwa katika chesisi ilingane na ile iliyoandikwa kitabuni na katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Zisipolingana, mimi sioni bei ya kujadiliwa. Naona safari ya kwenda kwa polisi.

Sasa nije kwa kundi linaloniudhi kuliko la risiti. Hawa hutoa simu mfukoni, wakakuonyesha pikapu ya Chevrolet iliyouzwa Marekani kwa fedha za kujengea nyumba, kisha wakageuza dola kuwa shilingi na kuipachika bei hiyo katika Peugeot yao. Laiti wangeyasoma mambo ya huko kwa ukamilifu! Wamarekani wanazo pikapu za Chevrolet za tangu 1947 hata mwanzoni mwa 1955, na za Ford za F-100 zilizoanza 1953, kwa wingi usio na mfano huku kwetu, na vipuri vyake vipya hutengenezwa na kuuzwa hata leo. Wanunuzi ni wengi, mauzo ni mengi, na kampuni kama Hagerty huchapa vitabu vya bei vyenye madaraja manne ya hali ya gari: daraja la 1 ni gari la kushindaniwa katika maonyesho, la 4 ni gari linalotembea lakini lina dosari zinazoonekana. Baina ya daraja la 1 na la 4 bei huanguka vibaya sana, ijapokuwa mwaka na jina ni vile vile. Mnada wa Barrett-Jackson huko Scottsdale, Arizona, hutoa bei zinazotangazwa ulimwenguni, lakini hutangazwa kwa sababu si za kila siku: matajiri wawili wametunishiana misuli mbele ya halaiki, na mmoja hakutaka kushindwa. Isitoshe, Chevrolet hizo zina usukani wa kushoto, na hata zingalikuwa bure zisingekuwa shindani la kweli kwa pikapu za Nakuru au Meru. Bei ya soko moja haivuki bahari kwa kuwa mtu ameipiga picha.

Hata hapa nyumbani, tuache kuzichukua bei za matangazo kama ushahidi. Bei ya tangazo ni maombi ya muuzaji. Bei ya mauzo ni jibu alilopewa. Pikapu iliyotangazwa kwa miezi kumi na minne kwa bei ile ile imekwisha kujibiwa mara nyingi, ila mwenyewe hataki kusikia. Atafutaye kujua bei na awaulize walionunua, walilipa kiasi gani na gari lilikuwa katika hali gani. Mauzo matatu ya kweli yana faida kuliko matangazo mia.

Najua nitaambiwa ya kuwa maneno haya yanamdharau fundi. Ya kuwa tukikataa kulipia kazi, hapatakuwa na atakayefufua gari tena, na vijana watauacha ufundi. Hoja hiyo ina uzito, nami naiheshimu. Lakini anayemdharau fundi hasa ni yule aipimaye kazi yake kwa karatasi, maana karatasi ya fundi hodari na ya fundi mharabu hufanana. Aliyekata kutu yote na kuchomelea bati jipya, na aliyejaza shimo kwa fila, wote huandika risiti ya “kunyosha bodi”. Mnunuzi agongaye na kutazama ndiye amtofautishaye fundi mwema na mwenzake, na ndiye pekee anayeweza kumlipa kwa haki. Mwenye gari atakaye kulipwa kwa kazi iliyofichika na aipige picha kabla haijafichika: chesisi ikiwa tupu, vizingiti vikiwa wazi, vyuma vya injini vikiwa mezani. Hapo mali ina daftari.

Na kanuni hii ninayoitetea haimkati muuzaji peke yake. Wako madalali wanaozunguka mashambani wakitafuta nyumba zilizofiwa. Humkuta mjane, na nyuma ya ghala pana pikapu ya marehemu imeota majani. Humwambia ni chuma chakavu, wakampimia kwa kilo, naye, mwenye karo ya watoto wiki ijayo, hupokea. Kisha husema soko limeamua. Halikuamua kitu! Mmoja ameshurutishwa na shida, na maarifa yote yako upande mmoja. Masharti mawili ya bei ya haki yamevunjwa kwa pigo moja. Mama huyo na amwambie dalali arudi baada ya siku saba. Katika siku hizo atafute kitabu cha gari katika sanduku la marehemu, amwite fundi asiyejuana na dalali asome nambari ya chesisi na kuigonga, kisha atafute mnunuzi wa pili. Dalali aliyesema ni chuma chakavu akionekana tena siku ya tatu, kabla ya muda aliopewa, akiwa na bei mpya, mama asipokee bado. Na angoje siku nne zilizobaki.