Kagua Ruta Kabla Hujafungua Benki

Kabla hujaingia kwenye akaunti ya benki kwa Wi-Fi ya ofisi leo, fungua dirisha la amri uandike arp -a. Usingoje jioni.

Katika jedwali litakalotokea, tafuta mstari wenye IP ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Mbele yake kuna jozi sita za tarakimu na herufi: ndiyo anwani ya MAC ya ruta. Sasa shuka chini. Ukikuta mashine nyingine, tuseme 192.168.1.37, ina jozi zilezile sita, ondoa mkono kwenye kibodi. Huenda kuna mtu amejipenyeza kati yako na ruta, na kila unachotuma kinapitia kwake kwanza.

Itifaki ya ARP, inayotafuta MAC ya kila IP, iliandikwa mwaka 1982, na imejengwa juu ya kuaminiana. Kompyuta huuliza mbele ya wote, "Nani mwenye 192.168.1.1?", na anayejibu haombwi kitambulisho. Mashine nyingi hupokea hata jibu ambalo hazikuliomba! Mwenye kompyuta mpakato, programu ya bure na lile neno la siri la Wi-Fi mlilobandika ukutani mapokezi hahitaji kingine. Anarudia uongo wake kila baada ya sekunde chache, na jedwali lako linaumeza.

Niliwahi kuitwa ofisi moja, intaneti nzito, wote wanailaumu kampuni inayowauzia. Jedwali likaonyesha ruta na kompyuta ya stoo zina MAC moja. Tulipochomoa waya wa ile kompyuta, ofisi nzima ilikosa intaneti kwa dakika moja hivi, kisha ikarudi, nyepesi.

Ukikuta hivyo, piga picha ya skrini kwanza, kisha chomoa mashine inayoshukiwa. Watu wengi hukimbilia arp -d kufuta, wakadhani wamepona. Nafasi iliyofutwa hujazwa tena na uongo uleule maadamu mwizi yumo ndani. Dawa ya haraka ni kuipigilia MAC ya kweli: arp -s, IP ya ruta, halafu MAC yake. Linux inataka sudo mwanzoni. Windows inataka ruhusa ya msimamizi, na jozi zitenganishwe kwa vistari. Kama Linux yako haina arp, tumia ip neigh.

Lakini MAC hiyo usiinakili kutoka kwenye jedwali lililokwisha kuchafuliwa, utakuwa umempigilia mwizi mwenyewe. Isome ndani ya ruta, ukiwa umeunganishwa nayo kwa waya, na wengine wote wamechomolewa na Wi-Fi imezimwa. Ukiwasha kompyuta upya, ulichopigilia kinapotea. Na siku mkibadilisha ruta kabla ya hapo, kifute, la sivyo mashine hiyo itabaki bila intaneti na hakuna atakayejua kwa nini.

Si kila MAC iliyojirudia ni wizi; zipo ruta zenye anwani za IP zaidi ya moja. Muulize aliyefunga mtandao, ila muulize leo. Akiwa na swichi inayokagua ARP yenyewe, aiwashe, na wageni awatengee Wi-Fi yao.

Mpaka hapo, kivinjari kikilalamikia cheti cha tovuti, usibonyeze kuendelea. Malipo yasiyongojeka yafanyeni kwa data ya simu.